Dawa ya Minyoo Haipigwi Picha: Mhadhara Kuhusu Vituo vya Kuokoa Wanyama na Wanaovigharimia

Mhadhara huu unaanzia kisiwa cha Lamu, Kenya, kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine Afrika Mashariki ambapo mji mzima umetegemea mgongo wa mnyama mmoja kwa karne nyingi. Vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hulazimika kurudi nyuma au kujibanza mlangoni mwa mtu. Mchanga, mawe, saruji, boriti, magunia ya unga, mitungi ya gesi, hata taka za sokoni, vyote hupita juu ya shogi. UNESCO ilipouingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, sifa zilikwenda kwa kuta za matumbawe na milango ya nakshi. Mawe ya kuta hizo hayakupanda yenyewe kutoka ufukweni.

Kisiwa hicho hukadiriwa kuwa na punda 3,000 hivi. Mchana wanabeba. Jioni, mizigo ikishashushwa, wengi huachiwa wajitafutie chakula ufukweni na kwenye majalala, na hapo ndipo msiba wao mkubwa wa siku hizi unapoanzia. Punda hula maganda ya matunda pamoja na mfuko wa plastiki uliofungiwa maganda hayo. Mfuko hausagiki tumboni. Hujikunja, hushikana na mingine, mwishowe huziba utumbo. Mnyama hujigaragaza kwa msokoto wa tumbo, na mwenyewe huenda asijue kilichomsibu mpaka afe. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, jambo jema lililostahili kufanywa mapema zaidi. Lakini plastiki si mifuko tu, na ile iliyokwisha kutupwa haijaoza.

Mbele ya bahari, katika mji huohuo, ipo zahanati ya punda. Ilifunguliwa mwaka 1987 na The Donkey Sanctuary, shirika la hisani la Uingereza, baada ya mwanzilishi wake, Elisabeth Svendsen, kuzuru Lamu na kujionea hali ya punda wa kisiwani. Mwenye punda hatozwi kitu. Wanyama waliochakaa kwa uzee au waliozidiwa na maradhi hupata mahali pa kupumzika ndani ya ua. Wengine hutibiwa na kurudi kazini kwao, kwa mwenye kuwamiliki.

Anayekwenda pale akitarajia kushuhudia uokoaji wa kusisimua atangoja sana. Atakachoona ni punda anapewa dawa ya minyoo mdomoni kwa bomba. Atamwona mwingine akioshwa kidonda kilichochimbwa na kamba ya shogi, na kijana aliyemleta akionyeshwa namna ya kuweka kitambaa kinene chini ya tandiko ili kidonda kisirudi. Wa tatu anapunguzwa kwato, wa nne anakaguliwa meno. Kesho yake ni kazi ileile, na mwezi ujao ni ileile, kwa sababu minyoo hurudi na kwato hukua.

Hoja ya mhadhara huu iko hapo. Kazi inayookoa wanyama wengi zaidi haionekani kama uokoaji. Haina picha nzuri, haina kisa cha kutoa machozi, na ndiyo maana ni vigumu kuichangia fedha. Watu huguswa na mbwa aliyegongwa na gari. Ni wachache wanaoguswa na katoni ya chanjo. Hata hivyo katoni ndiyo inayoamua wanyama wangapi watateseka mwaka huu.

Somo hili halikuzuliwa leo, na mahali lilipojifunzwa kwa uchungu zaidi ni barani Afrika, mjini Cairo. Mwaka 1930 mwanamke Mwingereza, Dorothy Brooke, alifika mjini humo pamoja na mumewe aliyekuwa afisa wa jeshi. Akakuta barabarani farasi wazee, vipofu, wenye miguu iliyovimba, wakivuta mikokoteni. Walikuwa farasi wa jeshi la Uingereza waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza, wakauzwa Misri vita vilipokwisha. Mwaka 1931 aliandika barua kwa gazeti la Morning Post la London, na barua ile ikaamsha watu. Fedha zilifika kwa wingi, na katika miaka mitatu kamati yake ilinunua farasi 5,000. Wengi wao walikuwa wameharibika mno. Hisani pekee iliyobaki ilikuwa kuwapumzisha kwa siku chache, kuwalisha vizuri, kisha kuwaondoa duniani bila maumivu.

Picha ya farasi shujaa aliyesahauliwa ilikuwa na nguvu, na Dorothy Brooke aliitumia vizuri. Lakini mwenye mkokoteni aliyeuza farasi wake mzee alihitaji mnyama mwingine asubuhi iliyofuata, maana watoto wake walikula kwa mkokoteni huo. Mwaka 1934 Brooke alifungua hospitali ya wanyama mjini Cairo, ya bure, kwa ajili ya farasi, punda na nyumbu wa watu maskini. Kutoka kununua wanyama wanaokufa hadi kutibu wanaoishi: hatua hiyo moja ndiyo iliyolifanya shirika lenye jina lake lidumu hadi leo, na sasa linafanya kazi na wenye punda hapa Afrika Mashariki pia.

Svendsen naye alionjeshwa upande wa pili wa jambo hilo. Alikuwa mwenye hoteli katika jimbo la Devon, akaanza mwaka 1969 kwa kununua punda mmoja. Mwaka 1974 alipata habari kwamba bibi mmoja, Violet Philpin, aliyekuwa akiendesha makao ya punda karibu na mji wa Reading, amefariki na kumwachia katika wasia punda 204. Punda 204 kwa mpigo! Makao yale yalikuwa na upendo wa kutosha. Yalichokosa ni mpango wa nani angeyaendesha mwenyewe akifa. Huu ni ugonjwa wa vituo vingi vya kuokoa wanyama duniani, vikiwemo vya kwetu: huanzishwa na mtu mmoja mwenye moyo mkubwa, huendeshwa kwa mfuko wake na afya yake, na siku afya ikitetereka, wanyama mia wanabaki bila mlezi.

Hata shirika kongwe kuliko yote la kutetea wanyama lilinusurika kufia utotoni kwa sababu ya fedha. RSPCA ya Uingereza ilianzishwa London mwaka 1824, katika mkahawa wa kahawa, na mchungaji Arthur Broome pamoja na wenzake, miongoni mwao William Wilberforce aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Broome aliacha kazi ya parokia ili aitumikie. Ndani ya miaka miwili madeni ya chama yalimpeleka jela, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyadhamini. Wenzake walichanga wakamtoa. Waliokuja baadaye walijifunza kwamba huruma bila hesabu za kila mwezi haifiki mbali.

Turudi kwetu. Kenya ina chama cha kuwalinda na kuwatunza wanyama, KSPCA, ambacho chimbuko lake ni mwaka 1910. Makao yake yako Karen, Nairobi. Tanzania ina TAWESO, shirika la Watanzania wenyewe linaloshughulika na mbwa, punda na elimu shuleni, na pale Arusha kuna Mbwa wa Africa, wanaopokea mbwa waliotupwa. Viko vituo vingine vidogo Mombasa, Diani, Unguja, Kampala na Kigali, vingine havina hata kibao barabarani. Yeyote anayevifahamu kwa karibu anajua mpangilio wa matumizi yake: mishahara ya daktari na wahudumu, chakula, dawa na chanjo, mafuta ya gari, kodi, maji, umeme. Hizi ni gharama za kila mwezi. Michango huja kwa mawimbi. Picha ya mbwa aliyemwagiwa maji moto ikisambaa kwenye simu za watu, fedha humiminika kwa wiki mbili, tena zikiwa na masharti kuwa ni za mbwa yule tu. Baada ya hapo kimya. Mbwa yule hupona, hupata nyumba nzuri, na mlinzi wa usiku wa kituo hajalipwa mshahara wa mwezi uliopita.

Kisha kuna lango. Asubuhi, mara nyingi, nje ya lango la kituo hukutwa sanduku la kadibodi lenye watoto wa mbwa au wa paka, bila barua, bila jina. Aliyewaacha amelala akiwa na amani, akiamini amewaokoa. Kwa kweli amehamisha tu mzigo kutoka ua wake kwenda ua uliojaa. Kituo kilichojaa hulazimika kuchagua, na uchaguzi mwingine ni ule wa kumlaza mnyama usingizi asioamka. Wanaofanya kazi hiyo hawasimulii nyumbani. Anayesema anawapenda wanyama hana budi kujua kwamba uamuzi ule wa asubuhi ulianza miezi kadhaa nyuma, pale ambapo mbwa jike wa mtu fulani hakufungwa kizazi. Mbwa jike huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, kila uzao watoto watano, sita, hata wanane. Hakuna kituo chochote, hata kikijengewa ghorofa, kinachoweza kushindana na hesabu hiyo kwa kupokea na kulisha peke yake. Upasuaji wa nusu saa unaweza.

Hapa linakuja pingamizi ambalo kila mtetezi wa wanyama amelisikia, na linastahili jibu la heshima: watu wana njaa, watoto hawana vitabu, nanyi mnahubiri habari za mbwa? Jibu la kwanza ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wanne kati ya kila kumi wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea, hakuna tiba. Wanaokufa ni watoto wa vijijini, mbali na sindano za kinga, ambao wazazi wao huuza mbuzi ili wapate nauli na dozi ya kwanza, kisha hushindwa dozi zinazofuata.

Katika miji yetu mingi dawa iliyozoeleka ya mbwa koko imekuwa risasi au sumu. Haijafanya kazi. Kichaa kilipoingia kisiwa cha Flores, Indonesia, mwaka 1997, mbwa waliuawa kwa maelfu mengi, na ugonjwa haukuondoka. Kinachofanya kazi ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na kurudia. Mfano upo karibu mno nasi: Pemba. Kampeni za kuchanja mbwa zilianza huko mwaka 2010, na kufikia 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Chanjo zikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa uliingia tena na kuenea haraka. Chanjo zikarudishwa kwa nguvu, na mwaka 2018 kisiwa kilikuwa salama kwa mara nyingine. Aliyesoma historia hiyo fupi hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa kazi inayorudiwa. Hakuna aliyepigwa picha akiokoa mtoto Pemba. Kuna watoto tu wanaokwenda chuoni asubuhi, na mbwa ambao hawajaugua.

Jibu la pili ni punda mwenyewe. Kwa familia nyingi za Turkana, Kitui, Dodoma au Shinyanga, punda ndiye anayeteka maji. Asipokuwepo, mgongo unaobaki ni wa mama au wa binti, na binti huyo huchelewa shule. Ukweli huu ulionekana wazi kuliko wakati wowote Kenya ilipokumbwa na biashara ya ngozi.

Kisa chake kinahitaji kusimuliwa kwa utaratibu. Nchini China, ngozi ya punda huchemshwa ili kupata jeli iitwayo ejiao, inayotiwa katika dawa za asili na vipodozi. Uchumi ulipokua, mahitaji yakapanda, na punda wa China wakapungua kutoka milioni 11 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi chini ya milioni 3. Wafanyabiashara wakageukia Afrika. Kuanzia mwaka 2016 Kenya ilifungua machinjio ya punda yenye leseni, hatimaye yakawa manne: Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilihesabu zaidi ya punda 300,000 waliochinjwa kuanzia 2016 hadi mwisho wa 2018, na ikaonya kuwa kwa mwendo ule nchi ingebaki bila punda kufikia 2023. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Hakuna namna ya kuharakisha jambo hilo. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda karibu milioni 1.8, ile ya 2019 ilipata kama milioni 1.2.

Leseni zilikuwa halali, lakini punda wengi waliofika machinjioni walikuwa wa wizi. Watu waliamka asubuhi wakakuta zizi tupu, na baadaye mzoga uliochunwa kichakani. Gharama ya punda mpya ikapanda hadi ikawashinda walioibiwa.

Nani alipiga kelele? Wenye punda wenyewe, kwanza. Lakini wenye punda ni watu wasio na wakili wala msemaji wizarani. Waliokuwa na orodha, waliojua kila mwezi ni punda wangapi walitibiwa na wangapi hawakuletwa tena, waliokuwa na simu za waendesha mikokoteni na wachota maji, walikuwa ni mashirika haya ya hisani yaliyokuwa yakitoa dawa ya minyoo kwa miaka. The Donkey Sanctuary ilichapisha ripoti kuhusu biashara hiyo mwaka 2017. Shirika la Brooke na mashirika ya hapa nchini yakasimama pamoja na vyama vya wenye punda. Mwezi Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alitangaza marufuku ya machinjio ya punda. Mei 2021 Mahakama Kuu iliitengua. Mapambano yakahamia ngazi ya bara: mkutano wa Afrika kuhusu punda uliofanyika Dar es Salaam Desemba 2022 ulipendekeza kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakapitisha marufuku. Utekelezaji unasuasua, na kila serikali ina deni la kuandika uamuzi huo katika sheria zake. Hata hivyo uamuzi upo, na mizizi yake iko kwenye madaftari ya zahanati ndogo.

Inafaa kukumbuka pia kwamba punda ni mwana wa eneo hili. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 unaonyesha kuwa punda alifugwa kwa mara ya kwanza Afrika ya mashariki, miaka 7,000 hivi iliyopita, na kutoka hapa akaenea duniani kote. Bara lililoipa dunia mnyama huyu ndilo lililokaribia kumpoteza kwa ajili ya vipodozi. Halafu tuna methali inayosema shukrani ya punda ni mateke. Pengine aliyeitunga hakuwahi kubebesha punda mchanga kutwa nzima na kumwacha alale njaa, akajiuliza nani hasa alistahili kushukuru.

Pamoja na majibu hayo mawili ya faida, liko la tatu ambalo halina faida yoyote ndani yake. Punda mzee aliyelala kivulini Lamu habebi tena. Paka shume aliyepofuka sokoni hatakamata panya. Kuwahurumia hao hakumpunguzii mtoto yeyote chakula; tena waliozoea kutazama maumivu ya mnyama bila kushtuka huwa hawashtuki upesi kwa maumivu ya mtu. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hilo na mgeni. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim kimo kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Kimo pia cha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Kila madrasa inavisimulia. Kinachobaki ni kuviwekea bajeti.

Na bajeti hiyo ina mfano wa kale. Katika karne ya 13, Sultani Baybars wa Misri aliweka wakfu bustani moja kaskazini mwa Cairo kwa ajili ya paka, mapato yake yawalishe. Edward William Lane, Mwingereza aliyeishi mjini humo miaka ya 1820 na 1830, aliandika kwamba bustani yenyewe ilikuwa imeuzwa mara nyingi na mapato yake yamebaki kidogo sana, lakini gharama ya kulisha paka ilikuwa imemwangukia Kadhi, na kila alasiri chakula kililetwa kwenye ua wa mahakama, na paka wa mtaa wakakusanyika. Miaka 550 hivi baada ya mtoaji kufa! Hakuna picha ya mtandaoni iliyowahi kulisha paka hata mwaka mmoja.

Lamu, Mombasa na Unguja zinajua wakfu. Ziko nyumba, visima, mashamba ya minazi na maduka yaliyowekwa wakfu kwa misikiti na madrasa. Kwa nini pasiwe na duka moja, chumba kimoja cha kupangisha, minazi kadhaa, kodi yake iende kwenye dawa ya punda na chanjo ya mbwa? Na kwa wasio Waislamu, harambee wanaijua, na akiba za vikundi wanazijua. Kanisa linaloweza kununua vipaza sauti linaweza kuchanja mbwa wa kijiji kwa siku moja ya mwaka.

Jambo hili lina uzito kwa sababu fedha nyingi zinazoendesha vituo vyetu hutoka nje. Zahanati ya Lamu imesimama tangu 1987 kwa michango ya wastaafu wa Uingereza ambao wengi wao hawajawahi kuiona bahari ya Hindi. Wanastahili shukrani bila kinyongo. Lakini mstaafu yule akifa, au uchumi wa kwao ukiyumba, au bodi ya huko ikabadili vipaumbele vyake, ni punda wetu watakaolipa. Mkandarasi anayejenga hoteli katika kijiji cha Shela, Lamu, aliyesafirishiwa kila mfuko wa saruji mgongoni mwa punda, hajachanga shilingi kwa afya ya mgongo huo. Hoteli zinazotia picha ya punda kwenye matangazo yao nazo zinakula kwa mnyama huyu. Serikali ya kaunti hutoza ada ya mambo mengi. Asilimia ndogo ya ada za ujenzi ikielekezwa kwenye maji ya kunywa ya punda na mahali pa kivuli gatini, hakuna atakayefilisika.

Kwa mtu wa kawaida, njia ni rahisi kuliko anavyodhani. Kiasi kidogo kinachotumwa kila mwezi kwa simu kina thamani kuliko kikubwa kinachotumwa mara moja kwa hasira ya picha. Watu 500 wakituma shilingi 200 za Kenya kila mwezi, hiyo ni shilingi 100,000 ambayo msimamizi wa kituo anaweza kuipangia kabla mwezi haujaanza. Itumwe bila masharti, aamue mwenyewe kama ni ya mafuta au ya mishahara. Kabla ya kutuma, aulize: kituo kimesajiliwa? Kinaonyesha hesabu zake? Kina daktari wa mifugo? Kinahasi wanyama kabla ya kuwatoa kwa walezi wapya, au kinatoa tu? Kituo kizuri hakichukii maswali hayo. Kinachochukia hakistahili fedha.

Asiye na fedha ana mengine. Magazeti ya zamani hutandikwa chini ya wagonjwa. Mashuka yaliyochakaa na pumba vina kazi. Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo anaweza kujitolea siku ya chanjo. Fundi seremala anaweza kutengeneza vizimba. Mwenye bucha ana mabaki. Anayetaka mbwa wa kulinda nyumba anaweza kumchukua kituoni, akiwa amechanjwa na kuhasiwa, badala ya kununua kitoto kando ya barabara na kumpa muuzaji sababu ya kuzalisha wengine. Na mwenye mbwa au paka nyumbani amfunge kizazi mnyama wake mwaka huu, amchanje, basi; akishafanya hilo tu amekwisha kukipunguzia kituo kazi ya miezi.

Kwa hiyo ombi la mhadhara huu ni hili, nalo linaelekezwa kwa kila aliyeusoma hadi hapa. Tafuta kituo kimoja kilicho karibu nawe, ukifika mwenyewe kama unaweza. Uliza wanahitaji nini mwezi huu. Wakikutajia dawa ya minyoo, nunua dawa ya minyoo, na mwezi ujao uulize tena.